Maoni ya Mteja wa Kawaida

Kazi ya karani ilikuwa kusoma maoni mara moja, kuyaweka upande wake na kwenda kwa mengine. Haya alikuwa ameshayasoma mara sita, na mkono ulikuwa umekataa kubonyeza.

Serikali ilikuwa imependekeza kanuni mpya: kampuni za mtandao zisiruhusiwe kumpa kasi anayelipa zaidi na kumkokotesha asiye nacho. Wananchi wakaambiwa waandike wanavyoona. Wee, wakaandika! Yakaja maelfu kwa maelfu, ya busara, ya matusi, na mengine, ilinong'onwa, yenye majina ya kuokoteza, na makarani wanne wakawekwa chumba kimoja wayachambue, wanaounga mkono huku, wanaopinga kule. Nchi nzima ilikuwa ikibishana, kuanzia wabunge mpaka vinyozi. Karani huyu hakuwa na upande. Yeye mtandao aliutumia kwa jambo moja tu, kutafuta jina la binti yake, na kwa miaka sita haukuwa umempa kitu.

Na sasa jina hilo lilikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta, majina yote matatu, na chini yake anwani ya nyumba yao.

Walikuwa wamegombana. Tangu mama, karani huyu, abaki mjane, nyumbani walikuwa wawili tu, kila mmoja kichwa kigumu, na siku moja ugomvi wa kijinga juu ya mchumba ukapita kiasi. "Ukivuka mlango huo, mimi sina mtoto," mama alisema. Binti akavuka. Siku ya tatu mama, kwa hasira zake, akabadilisha kitasa. Wiki ya pili akaanza kumtafuta, na hakuacha tena: polisi, hospitali, vyumba vya maiti, marafiki ambao mwishowe walichoka kupokea simu zake. Hakuna aliyejua lolote. Kilichomuua zaidi ni kwamba sentensi ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho baina yao.

Akasoma mara ya saba.

"Mimi ni mteja wa kawaida. Naiomba serikali isituamulie. Nimechoka na watu wanaonichagulia bila kuniuliza. Mteja akiachwa huru, mwishowe atarudi mwenyewe kwa yule anayemthamini."

Wakubwa wa kampuni wenyewe wasingeyasema vizuri hivyo. Lakini mama hakuona habari za mtandao hapo, alimwona mwanawe. Si ndiye yuleyule, aliyekuwa na miaka minne, akivalishwa sweta anauliza nani kamwambia ana baridi? Na hilo la kurudi lilimlenga nani kama si yeye mama? Binti alijua mama yake anafanya kazi wapi. Alijua maoni haya yatapita mezani kwake au meza ya jirani. Mtu mwenye kiburi kama kile angetuma vipi salamu bila kujishusha? Angezituma hivihivi, kwa mlango wa nyuma.

Makarani walikatazwa kabisa kuwapigia walioandika. Akatoka koridoni akapiga. Namba iliyoandikwa ilikuwa ile ya zamani, imezimwa kama ilivyozimwa miaka yote sita. Mwenyewe akajipa jibu: fomu inalazimisha namba, mtoto kaandika aliyoikumbuka. Akarudi kwenye kiti. Mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kulikoni, naye akaeleza, na kabla hajamaliza alikuwa analia kwa sauti, kilio cha furaha ambacho wenzake wote watatu walikipokea. Hata mkuu wa kitengo, mtu asiyetoa ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, alimwambia aende nyumbani akapumzike.

Hakupumzika. Alipita kwa fundi, akaenda naye mpaka mlangoni, akamtolea kitasa cha zamani kilichokuwa kimefungwa kwenye kitambaa muda wote huo. Fundi akakigeuzageuza, kina kutu.

"Mama, hiki kipya ndicho kizima."

"Najua, mwanangu. Lakini ufunguo wa hicho cha zamani anao mtu."

Fundi akakifunga mlangoni. Alipoondoka, mama akabadilisha mashuka ya kitanda cha binti, akafungua madirisha, akafuta vumbi mpaka juu ya kabati. Akajifunza na maneno ya kusema. Alipanga kuomba radhi mwanzo kabisa, hata kabla ya kumkumbatia, isije ikatokea tena kuahirisha.

Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Njiani wazo lilikuwa limemjia: je, kama mtoto aliandika zaidi ya mara moja? Kama alitia namba mpya mahali pengine? Mfumo wao uliweza kutafuta kwa anwani. Akaandika mtaa, akaandika namba ya nyumba yake, akakosea mara mbili, akaandika upya.

Majibu yakaja: maoni mawili kutoka nyumba hiyo, yote yametumwa dakika ileile.

Akayafungua yale ya pili. "Mimi ni mteja wa kawaida. Naiomba serikali isituamulie..." Yaleyale, neno kwa neno. Akacheka peke yake mle chumbani, machozi yakimlenga. Haraka za yule mtoto, kabonyeza mara mbili. Akateremka hadi chini, apate tu kulitazama tena jina lake.

Jina lilikuwa la mumewe, aliyemzika miaka kumi na minne iliyopita.