Jicho la Upande wa Dirisha

Wewe uliyemlaza mwanao ukaridhika, hebu mtazame macho kwanza.

Tangu pomboo wawe yaya wa watoto wa pwani, Mwanatumu alikuwa akimpeleka binti yake Rukia majini asubuhi na kumchukua adhuhuri, amejaa chumvi na vicheko. Hakuwa na wasiwasi. Pomboo walimnyanyua apumue na kumlinda kama wa kwao.

Siku hiyo, baada ya chakula, alimlaza mkekani. Rukia akakoroma, lakini jicho moja lilibaki wazi, linatazama dirisha la baharini.

"Mwanangu, funga na hilo."

"Nikilifunga watanipotea, mama."

Bi Tatu, jirani aliyekuja kuomba chumvi, akacheka. "Shoga, pomboo ndivyo wanavyolala! Mtoto humwachia mama yake jicho moja, asije akaachwa."

Mwanatumu hakucheka. Jirani alipoondoka, alijilaza kati ya mtoto na dirisha, akausogeza uso wake mpaka karibu na lile jicho. Likapepesa. Moyo ukamtulia, akambusu.

"Mama," Rukia akanong'ona kwa upole, "sogea kidogo, unaniziba."