Draiva Iliyorudi Nyuma

Draiva ilikuwa imerudi nyuma tena. Fundi Bisibisi aliisoma tarehe, akavua miwani, akaifuta, akaisoma upya. Lilikuwa toleo la miaka saba iliyopita, lile lile aliloliondoa kwa mkono wake mwezi uliopita, akaliondoa tena wiki mbili zilizopita.

"Hata maneno matatu hayatimii, fundi," alisema binti wa mgonjwa. "Mama akianza tu kuandika, kioo kinageuka bluu."

Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya laptopu. Kiharusi kilimwachia macho tu. Kamera ndogo ilifuata macho hayo, naye akikodolea herufi moja moja mpaka neno litimie. Bila mashine hiyo hakuweza kuomba hata maji. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa ng'ambo, ndiye aliyempigia fundi: fanya ufanyavyo, nataka kuongea na mama yangu.

Ugonjwa wa laptopu wenyewe ulikuwa mdogo. Draiva ni kile kijiprogramu kinachoiwezesha mashine kuelewana na prosesa, ubongo wake. Ikiwa ya kale, na programu ya macho ni mpya, vinagombana na mashine inazima. Unaweka mpya, basi, yamekwisha. Lakini draiva hairudi nyuma yenyewe. Bisibisi, ambaye hajawahi kushindwa na mashine wala kukosa kulisema hilo mbele za watu, aliudhika kwelikweli. Akaweka draiva mpya ijipakie, na huku akapekua kumbukumbu za laptopu.

"Kuna mtu anairudisha makusudi," alisema. "Hii hapa, Jumatatu, saa nne na robo asubuhi."

Binti akaketi kitandani polepole. "Saa nne mimi niko kazini. Humu ndani hubaki mama na dada wa kazi."

Wakamtazama mama. Alikuwa amekonda mno tangu safari ya kwanza ya fundi, mabega yamebaki mifupa.

"Napika, napakua, natoka," binti alisema, machozi yakimlenga. "Nikirudi sahani tupu. Sikutaka kumdhania mtu vibaya."

Bisibisi akajumlisha mwenyewe. Mtu anakula chakula cha mgonjwa, kisha anamziba mdomo asije akasema. Damu ikamchemka. Akamwita dada wa kazi, naye akaja kutoka jikoni, mikono imejaa povu.

"Mimi hata kuiwasha sijui, fundi."

"Wote husema hivyo," Bisibisi alimjibu. "Mashine haina sababu ya kukusingizia, dada."

Macho ya mama yakaanza kwenda mbio, huku na huku, lakini draiva ilikuwa bado inajipakia na hakuna herufi iliyotokea. Bisibisi akampapasa bega. "Tulia, mama. Tumeshamkamata."

Robo saa baadaye dada wa kazi alikuwa ameshika mfuko wake wa nguo, binti akimsindikiza hadi getini asije akabeba kisicho chake. Walipotoka, Bisibisi akamwinamia mama sikioni.

"Nimeweka programu ya kukitazama kioo chako nikiwa dukani. Ukiwa na shida yoyote, andika tu, nitaona."

Akaondoka moyo mweupe. Njia nzima alikuwa akijipongeza, maana si kila siku fundi anatengeneza mashine na nyumba kwa pamoja.

Dukani, kabla hata ya kuvua koti, alifungua kompyuta yake akakitazama kioo cha mama. Mashine ilikuwa imara, saa nzima haijazima. Kisha herufi zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine.

MRUDISHE.

Huruma za wazee hizo, Bisibisi alijisemea. Ameibiwa mpaka mifupa, bado anamtetea.

NDIYE ANAYENILISHA KWA SIRI.

Hajamaliza kuyasoma, maneno yakaanza kufutika, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kisha kile kishale cha kwenye kioo, kinachosogezwa kwa mkono tu, kikaenda moja kwa moja kwenye orodha ya draiva, kikachagua ya prosesa bila kubahatisha, kikabonyeza "rudisha toleo la zamani", na picha ikakatika.