Mashabiki wa Porfirio Lagman

Remedios alishika viti vitatu kwa mpigo. Kimoja alikiwekea mwavuli, kingine shali, cha tatu sahani yake ya biskuti. Mkoba aliupakata. Ilikuwa saa tisa alasiri, na katika kikanisa kimoja cha mji wa Malabon, mbele ya jeneza la Porfirio Lagman, walikuwepo majirani wanne tu, wakibangua mbegu za tikiti na kucheza karata, kama ilivyo desturi ya matanga huko.

"Mama, hapa pana mtu?" mmoja aliuliza.

"Pana watu. Wako njiani."

Porfirio alishakufa mara mia na ushei, zote filamuni. Alipigwa risasi, akatupwa mtoni, akaangushwa ghorofani, wala jina lake halikuandikwa popote. Kifo cha Jumatatu ndicho kilikuwa cha kweli. Remedios, mshona nguo, mjane asiye na mtoto, alimpenda tangu usichana na hakuwa na wa kumwambia. Ndipo akafungua kundi kwenye simu. Sasa walikuwa sita, na kundi hilo ndilo lililomwamsha kila asubuhi.

Na mashabiki hao walijua mambo! Remedios alipomsifu Porfirio kwa kuigiza yule mhudumu wa harusini aliyetetemeka mikono, Isko wa Cebu alijibu, "Bakuli lilikuwa la moto kwelikweli, dada." Alipomtaja mlinzi aliyechechemea, Sajenti Bayani aliandika, "Viatu vilimbana, vilikuwa vya mwenzake." Bi Sion wa Davao hakujua undani wowote, ila kila Porfirio alipouawa alilia upya. Hawakuwahi kusikizana sauti. Wote watatu walidai wana haya.

Tangu Jumatatu walikuwa kimya. Remedios aliumia sana. Alikuja hapa ili amlilie Porfirio pamoja na wenzake, asimlilie peke yake kama alivyompenda peke yake.

Akampigia Isko. Simu ikaita mezani, kando ya jeneza.

Akadhani imetokea tu. Akampigia Bi Sion. Simu ya pili ikaita palepale. Akampigia Sajenti, na ya tatu ikaita.

Ligaya, binti wa marehemu, alikuja akijifuta macho. "Za baba hizo, mama. Alikuwa haziweki chini. Anacheka mwenyewe chumbani mpaka tunamtania kapata mchumba." Akasogeza shali, akaketi. "Wewe ndiye Remedios, eh? Kaniambia ana mashabiki watatu dunia nzima, nisimzike bila wao. Wewe, Pepito, na Mwalimu Soledad. Hao wawili mbona hawatokei?"

"Sijui, mwanangu."

"Hebu niwapigie."

Ligaya akachukua simu moja ya baba yake, akabonyeza jina la Pepito. Simu ya Remedios ilikuwa bado mkononi mwake; mkoba uliokuwa mapajani ndio ulioanza kuita.