Saini ya Mume

"Hii fomu haina saini," afisa mikopo alisema, akaisukuma irudi upande wa pili wa meza kwa ncha ya kalamu. Hakutaka hata kuigusa.

Mfyatua matofali aliirudisha. "Ina saini yangu."

"Nataka ya mume."

Ofisi ilikuwa ndogo, mlango wazi, na nje wanawake wanne walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu, masikio yote ndani. Wenzao wawili walishatoka mikono mitupu. Mwanamume aliyekuja kuombea pikipiki hakuulizwa hata kama ana mke.

Mfyatua matofali aliliona hilo na likamchoma. Alikuwa na oda ya matofali elfu sita ya ukuta wa shule. Kwa kalibu ya mkono angechukua miezi mitatu; kwa mashine aliyoombea mkopo, wiki tatu. Mwenye oda alimpa mpaka Jumatatu awe na mashine, la sivyo kazi anapewa mwingine. Na leo ilikuwa Ijumaa.

"Kiwanja ninachoweka dhamana ni urithi wangu, matofali nafyatua mwenyewe," alisema. "Mume anaingiaje hapo?"

"Taratibu ndivyo zinavyosema. Mwanamke aliyeolewa ana kichwa chake. Usinifundishe kazi."

Afisa alifunua ukurasa wa pili, akaanza kusoma maswali kwa sauti ya askari anayeandika maelezo ya mwizi.

"Mume ana kazi?"

"Anayo. Ya kukaa."

Kwenye benchi mtu alicheka. Afisa aliandika kitu, mishipa ya shingo imemsimama.

"Anajua kwamba unaomba mkopo?"

"Anajua, na hataki. Anaogopa nitamzidi."

"Pengine anajua kwamba huwezi."

"Atajuaje? Miaka minne nafyatua, hajaja hata siku moja kuona."

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Mwanamke yule alikuwa na hasira ya kuwang'oa meno hao wahenga wenyewe. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa saruji, na aliviweka wazi juu ya meza, vionekane. Afisa alitazama dirishani.

"Sikiliza, mama," alisema. "Mume kukataa ni jambo la nyumbani. Hapa hatusuluhishi ndoa. Kamalizaneni huko huko."

"Huko naambiwa habari za mikopo zina ofisi yake, nisizilete mezani watu wakila."

Afisa aliikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye kikapu cha taka.

"Basi umezileta ofisini, na umejibiwa. Mwite anayefuata."

Mfyatua matofali alisimama. Machozi yalimlenga, akayazuia kwa chuki.

Afisa alitazama saa yake. "Ukitoka hapo pita shuleni uwachukue watoto," alisema. "Waambie baba yao leo atachelewa kutoka ofisini."