Picha ya Shingo ya Mama

"Usimwambie Mama kitu, hata picha yake iwe mbaya kiasi gani," Rafika alisema kabla hajaketi. "Kwetu mgonjwa haambiwi. Mimi ni daktari, lakini hilo sitalivunja."

Mdogo wake, Wajdi, aliitikia kwa kichwa. Alisimama nyuma ya kiti katika maabara yao pale mjini Sfax, akiitazama skrini asiyoweza kuisoma. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine tu. Rangi hudungwa mshipani, ikang'ang'ania chembe za saratani. Ikipigwa mwanga hutoa sauti, na mashine huigeuza sauti hiyo kuwa picha. Rafika aliihangaikia rangi hiyo tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi, na nchi nzima hakuna mwingine aliyejua kuzisoma picha zake.

"Nipe ile yangu ya Jumatatu nilinganishe."

Kila Jumatatu alijilaza mezani yeye mwenyewe, ili ipatikane picha ya mtu mwenye afya.

"Imefutika, dada."

"Imefutika! Wewe hata bahari ungeimwaga."

Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Sauti ilikuwa imemkauka kwa wiki kadhaa; yeye alisema ni kufundisha.

Kisha akaigeukia skrini. Aliisogeza picha, akairudisha, akaisogeza tena.

"Tezi yote imeliwa. Imeshaingia kooni." Alishusha mikono. "Aina hii haikatwi, Wajdi. Wala haisubiri."

"Dawa je?"

"Ningekuwa nayo ningekaa hapa nakutazama? Miaka yote hii nimejifunza kuiona. Kuiona tu!" Alipiga meza kwa hasira, machozi yakamtoka.

"Atafunga na sisi Ramadhani?"

"Hatafika."

Wajdi alilia kama mtoto. Rafika akamkumbatia, akampangusa uso kwa ncha ya ushungi wake.

"Jikaze. Mpikie chochote atakachotamani. Na ukiwa mbele yake ucheke, unanisikia?"

Mama yao alikuwa anangoja nje, ndani ya gari. Alipomwona Wajdi alishuka mbio, mlango akauacha wazi.

"Kasemaje?"

Wajdi alimwambia yote. Bi kizee akaushika mkono wa mwanawe kwa nguvu.

"Hajagundua kwamba shingo ile ni yake mwenyewe?"

"Hajagundua, Mama. Anakulilia wewe."