Imerudi Tena

"Imerudi tena!" Mzee aliinyooshea kompyuta kidole kama mtu anayeshtaki mtoto mtundu. "Nimetuma barua, nimepiga funda moja la chai, imerudi."

Mwanamke kijana alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mkubwa begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alifungua kinywa, lakini mzee alimwahi.

"Wewe ndiye fundi? Jirani aliniambia kuna mtu anakuja kunisaidia."

Mwanamke alimtazama mzee usoni. Kisha akaushusha mkoba taratibu.

"Ni mimi. Shikamoo, baba. Nilisikia una shida."

"Marahaba. Mbona mzigo wote huo? Kompyuta ni moja tu!" Mzee alicheka mwenyewe. "Kaa hapa. Mimi nilikuwa fundi saa. Saa haisimami bila sababu, na huu mtambo nao una sababu yake."

"Basi tuitafute."

Mzee alimpenda papo hapo. Mafundi wa siku hizi huanza kwa kukwambia ununue mpya. Huyu alivuta kiti, akatazama kwanza. Alikagua nywila, akakagua mtandao, kisha akatuma ujumbe wa majaribio kwa jirani wa ghorofa ya juu. Haukupita muda, sauti ikashuka dirishani.

"Imefika, mzee! Siku nyingine usinitumie salamu, nitumie sukari! Na mgeni wako kafika?"

"Fundi? Yuko hapa, anachapa kazi!"

Juu, dirisha likafungwa taratibu.

"Mashine yako ni nzima," fundi alisema. "Barua inatoka vizuri. Inakataliwa kule inakokwenda."

Neno hilo lilimchoma mzee. Akageukia picha ukutani: msichana mwenye pengo la meno ya mbele, ameishika saa iliyofunguliwa tumbo.

"Binti yangu hawezi kunikataa. Tuligombana, sikatai. Mimi nilitaka arithi meza yangu ya ufundi, yeye akaenda kusomea hizi kompyuta zenu. Lakini kunikataa? Hapana."

"Si yeye. Ni seva ya ofisini kwake. Ni kama bawabu, baba. Barua ikifika, anatazama jina. Asipomjua mwenye jina, anairudisha." Alisogeza kidole kwenye kioo. "Hapa ameandika: mpokeaji huyu hayupo."

Mzee alikiweka kikombe mezani. "Hayupo? Yaani... amekufa?"

"Hapana!" Fundi alisema haraka mno, kisha akaishusha sauti. "Yu hai. Ameacha kazi tu. Mtu akiondoka, wanaifuta anwani yake."

"Aiache kazi ile? Aliipigania kufa na kupona. Aiache kwa nini?"

"Labda kuna mtu nyumbani alimhitaji zaidi."

"Basi kaolewa," mzee alisema. "Kaolewa, na mimi sijaambiwa."

Fundi aliinamisha kichwa. Mzee akamhurumia, hakumwita fundi wa watu aje kubebeshwa mizigo ya familia. Akaanza kupapasa mezani, mifukoni, chini ya magazeti.

"Miwani yangu nayo imeota miguu."

Fundi alivuta mtoto wa meza, akaingiza mkono chini ya koleo na bisibisi za saa, akaitoa miwani. Akaipangusa kwa upindo wa blauzi yake, akamvisha.

"Una macho makali, wewe! Sasa niambie, anwani yake mpya inaweza kupatikana?"

"Watu wa kompyuta tunajuana, baba. Naweza kuijua."

Akaiandika bila kumuuliza mtu, bila kutazama popote.

"Ngoja!" Mzee alimzuia mkono. "Usiitume kwanza. Nikusomee, usije ukakuta nimeandika upuuzi. Yule kasoma, atanicheka."

Alisogea karibu na kioo, akasoma polepole, kama anavyosoma mtu anayeogopa kuruka mstari.

"Binti yangu. Nimeanza kusahau. Leo nimeifungua saa, nikashindwa kuirudisha. Nimeikalia asubuhi nzima, vipande vyote viko mbele yangu, na mkono haujui pa kuanzia. Meza si kitu, wala sikudai chochote. Kila nikiamka naitazama picha yako ili nisikupoteze na wewe. Njoo, mama. Njoo kabla sijausahau uso wako."

Akavua miwani. "Nimekosea mahali?"

Fundi alikuwa ameugeukia ukuta.

"Hapana, baba. Hujakosea popote."

"Basi itume."

Akabonyeza. Wakakaa wakikitazama kioo, mabega yao yakigusana. Mzee alipiga funda moja la chai, akasubiri. Akapiga la pili. Barua haikurudi.

"Imekwenda!" Mzee alipiga makofi kama mtoto, machozi yakimlengalenga. "Fundi, Mungu akubariki, imekwenda!"

Ndani ya ule mkoba mkubwa, simu ililia mlio mmoja mfupi.

Fundi hakusogea.

"Simu yako hiyo," mzee alimwambia kwa upole. "Itazame, usiiache. Huenda ni baba yako, na sisi wazazi tukishatuma, tunangoja."