Taa ya Abiria

Magari yote siku hizi huja na taa ya abiria, ile ya manjano inayowaka aliyekaa ndani anapomwogopa dereva. Ya Shekue ilikuwa ikiwaka na kuzima. Fundi alikaza nyaya, akabadilisha fyuzi, akazunguka naye mtaa mzima. Wapi, taa haikuwaka.

"Gari zima hili, bwana. Kwani huwa unambeba nani?"

"Ni waya tu," Shekue alijibu, macho chini. Nyumbani alimwambia mkewe, Mwanahamisi, hivyo hivyo, kisha akaiziba taa kwa tepu nyeusi, kama wafanyavyo wengi.

Lakini alijua anambeba nani, na aibu ikamtafuna. Siku ya kwenda harusini aliibandua ile tepu. Akamfungulia mkewe mlango, akamsemesha kwa upole, na taa ikakaa kimya. Shekue akashusha pumzi. Akaona mkewe hajafunga mkanda, akanyoosha mkono amsaidie.

Mwanahamisi alijikunyata hadi mlangoni, kiganja kikiukinga uso. Taa ikawaka.

"Ni waya tu, baba Zaina," alisema upesi. "Ni waya tu."